Daraja la Pili

Miaka kumi na minane nimepanga minofu ya sangara
kiwandani Igogo, mabuti meupe, vidole ganzi.
Unabonyeza. Mnofu ukirudi juu, daraja la kwanza: unapanda ndege.
Ukibaki na shimo la kidole, la pili: unavuka mpaka kwa lori.
Mapanki yanabaki kwetu.

Kwa hiyo daktari aliponibonyeza titi la kushoto,
kule juu Bugando, nilimtazama usoni, si mkononi.
Naujua uso wa mtu aliyekwisha kupanga.

Wakatoa kipande, kama punje ya mchele wa Magu.
Wakakizamisha kwenye nta, wakakikata
chembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu,
wakakitia rangi. Nikangoja wiki tano.
(Mashine, walisema. Kisha rangi haijafika kutoka Dar.
Kisha mashine tena.)

Daktari Nyabukika akavuta kiti, akakaa upande wangu,
karatasi katikati yetu kama sahani.
"Hizi ni protini, Mama Bulugu. Seli zako zina milango.
Homoni inabisha hodi, seli inafungua, inakua.
Tazama: katika kila mia, tisini na moja
zimekunywa rangi ya kahawia."
"Ndiyo habari mbaya hiyo?"
"Nzuri. Mlango tunaoujua, tunaufunga.
Kidonge kimoja kila usiku, miaka mitano."

Mlango wa pili, wa ile protini kali, haupo.
Kasi ya kugawanyika, ishirini na mbili kwa mia.
"Hapo," akasema, "ni kati kwa kati. Sikudanganyi."
Na chini kabisa, kwa wino uliofifia:
daraja la pili.

Nikacheka. Akadhani nalia, akanipa kitambaa.

Nikamuuliza wanachotuuliza wanunuzi:
kinakaa muda gani kabla hakijaharibika?
Akanyamaza. Feni ikazunguka.
"Karatasi hii inawajua wanawake maelfu," akasema.
"Wewe bado haijakujua."

Titi liliondoka Mei.
Agosti nikarudi kwenye meza ya bati na barafu yake.
Saa tatu usiku nameza, nafunga mlango, nalala.

Na kazini kuna jambo msimamizi hajaliona.
Nikibonyeza mnofu, shimo likabaki,
siutupi upande wa lori papo hapo.
Nahesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Mingine hurudi juu.
Polepole, lakini hurudi.