Mchele Chini ya Ulimi

Kabla ya bei, kabla hata ya kumaliza salamu,
baba alimlaza ngulube ubavu,
akamtia kijiti cha mkaratusi kati ya meno,
akauvuta ulimi kwa kitambaa kikavu
na kupapasa chini yake, polepole, macho kayafumba,
kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni gizani.
Akigusa punje alisema: "Huyu ana mchele,"
na bei ikashuka nusu.
Ikashuka tu. Nyama haikutupwa.
Mchele ule tuliula.

Hiyo ilikuwa Walungu. Ngulube walizurura walivyotaka,
choo chetu shimo, magogo mawili, ukuta wa majani ya migomba,
nao wakijua saa ya kila mmoja wetu kwenda.
Tulicheka. Nani angedhani
kwamba tulichokiacha migombani kingeturudia
kwenye mboga, kwenye vidole, kwenye maji ya kunywa mtoto?
Kaka yangu Mweze alianguka mara ya kwanza darasani,
chaki mkononi, povu mdomoni,
na shangazi akamtaja jirani kwa jina.
Jirani yule alihama na mvua za Novemba.
Hadi leo sijui niende wapi kumwomba msamaha.

Ulimi hauna mfupa, walisema wakubwa.
Wa kwetu ulikuwa na punje.

Sasa niko Bukavu, Panzi, kwenye mteremko
ambako mvua moja hushusha ukuta wa mtu hadi kwa mwenzake.
Nilikuwa na banda la mbao na ngulube kumi na wawili,
makapi ya bia nikiyabeba mgongoni, yakivuja,
hata kanisani nikinuka kama mlevi.
Mwezi wa tatu homa ikaingia.
Jumatatu mmoja alikataa kula.
Jumatano masikio yakawa na rangi ya biringanya.
Jumapili nilihesabu kwa kidole, kisha sikuwa na wa kuhesabu.
Veterineri Cirhuza alisimama mlangoni, hakuingia:
"Hii haina sindano, mama. Ina chokaa na jembe.
Mtu haimuui. Inakula mfuko wake tu."

Usiku akaja mwanaume na tochi na magunia.
Alikuwa na adabu, hata alivua kofia.
"Mshikaki hauulizwi ulikufaje," akasema,
akanihesabia franka juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Minervali ya watoto wawili ilikuwa imelala shimoni,
kwato juu.
Nilikaribia kusema ndiyo. Naandika hivyo: nilikaribia.
Kisha nikamwaga chokaa, mkono ukitetemeka, nyingine ikaniingia machoni.
Kesho yake upepo ulileta harufu ya nyama kutoka barabarani
na nikajiuliza ni ya zizi la nani.

Banda lilikaa tupu miezi minane.
Binti yangu Nsimire hakupumzika.
"Choo kwanza," alisema, "chenye mlango. Halafu ngulube."
Nikamwambia nguruwe haulizi mlango.
"Ndiyo maana," akasema.
Ameweka beseni la maji na javeli kizingitini;
hata padri aliloweka viatu vyake.
Anapika nyama mpaka inakata tamaa,
anaipasua katikati, anatafuta wekundu,
sisi tunangoja na bugali unapoa.
Anasema siku moja muhuri wa zambarau utapanda hadi huku kwetu,
kila paja na tarehe yake.
Mimi nimeona barabara ya huku. Namwacha aseme.

Jana tumenunua mmoja, jike, mdogo kama mtungi.
Mweze alikuja kumtazama; ana miaka arobaini na mitatu
na kidonge kila jioni baada ya chai.
Hakuna aliyemwomba. Alipiga goti mwenyewe,
akatoa kitambaa, akauvuta ulimi ule mdogo
na kufumba macho kama baba.

"Hakuna kitu," akasema.

Kidole kikaendelea kutafuta.