Jumapili ya Farasi

Huku Chile Pasaka huja majani yakianguka.
Zabibu zimekwisha vunwa, jozi zimeanikwa juu ya magunia,
na theluji ya kwanza imegusa kilele
kama mchoraji anayejaribu rangi.
Aleluya tunaiimba ndani ya masweta.

Siku ya nane baada ya kaburi kukutwa wazi
padre hawangoji wagonjwa kanisani; anawafuata.
Wapanda farasi themanini humsindikiza,
vitambaa vyeupe vichwani badala ya kofia,
maana mbele ya Mwili wa Bwana kofia ni ufidhuli.
Zamani, wasimuliavyo, walimlinda na majambazi wa njiani.
Siku hizi jambazi ni lori la mchanga
lisilopunguza mwendo kwenye kona ya kina Ugarte.
Asiye na farasi huja na baiskeli:
mpwa wangu Lisandro ameivisha yake karatasi za njano na nyeupe
mpaka kengele hailii.

Siku yenyewe inaitwa Kwasimodo,
Kilatini hicho: kama vile watoto wachanga.
Nimelitamka jina hilo miaka hamsini
kama mtu anavyotamka jina la kituo cha treni.
Sasa mama anakunywa maziwa kwa kijiko,
anainua kidevu nimpanguse,
ananiita Mama.

Injili ya leo ni ya Tomaso.
Waliisoma alfajiri, mimi sikuwapo,
nilikuwa na beseni, maji ya chumvi, na pamba.
Kidonda cha mgongoni kina upana wa sarafu.
Kila kukicha natia kidole kilichovikwa shashi
nipime kimefika wapi.
Karne kwa karne watu wamemsema Tomaso.
Mimi namwonea wivu.
Aliitwa mara moja tu,
kwenye jeraha lisilo na harufu,
wala hakuna aliyemwambia: kesho tena, saa kumi na mbili,
na usisahau shuka.

Tao la mlangoni tulilisuka usiku kucha,
mimi na jirani, Bi Clorinda:
matawi ya mierebi, maua ya karatasi mia moja na arobaini.
Alikata, nikakunja, tukateta kidogo kuhusu kwaya,
Mungu atusamehe.

Wakaja saa nne badala ya saa mbili.
Kwanza vumbi, halafu kengele ndogo,
halafu sauti za wanaume zikimshangilia Kristo Mfalme
hadi mbwa wa mtaa mzima wakajificha.
Padre Evaristo akashuka garini, amevaa stola na matope.
Akapiga magoti sakafuni kwetu, palipobonyea.
Akainua hostia. "Mwili wa Kristo."
Mama akamtazama, akamtazama tena.
"Umechelewa," akasema,
kisha akafungua kinywa.

Sijui alikuwa akimwambia nani.
Padre naye hakuuliza.

Nje, kaka yangu Baudilio alikuwa ameshika hatamu.
Tangu mazishi ya baba hajavuka kizingiti cha kanisa,
ila kila mwaka hutandika farasi, hufunga kitambaa,
hulifuata gari la padre toka nyumba hadi nyumba,
na kila nyumba hubaki nje.
Farasi wake alikwisha kula maua yetu kumi na moja.
Bi Clorinda aliyahesabu.

Msafara ukaenda zake. Kinyesi kikabaki barabarani,
na karatasi ya njano kwenye ua wa waya.
Jioni nikaweka maji jikoni.
Baudilio akaingia, kitambaa bado kichwani.
Akanawa hadi viwiko, akafuta kidole kimoja kimoja.
"Nionyeshe," akasema.

Nikamgeuza mama kwa ubavu, nikabandua bandeji.
Alisimama pale, mtu mzima anayetia lijamu vinda la farasi,
mkono unamtetemeka.
"Hapa," nikamwambia. "Taratibu. Mpaka ndani."

Mama akashtuka usingizini.
"Mikono yako ya baridi, Baudilio."

Kwa jina kabisa.
Nikakamua pamba, nikamwaga maji nje gizani.
Mimi, hata leo, ananiita Mama.