Ndoo ya Kijani

Karatasi ishirini na tisa,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
zimelala juu ya meza ninayokatia vitambaa,
jikoni kwangu, Hull, saa tano usiku.
Humo ndani siitwi Mwanamkuu binti Sheha.
Naitwa Mpangaji.
Na kila penye Mpangaji, neno linalofuata ni "atapaswa".

Duka lenyewe nimeliona mara moja,
Barabara ya Hessle, kati ya kinyozi na muuza chipsi.
Dirisha pana, la kutundika magauni ya harusi.
Bwana Ackroyd alifungua kufuli, akasugua viganja,
akasema babu yake alizaliwa ghorofa ya juu.
Chini ya ngazi palikuwa na ndoo ya kijani.
"Ya kupigia deki," alisema,
nami sijauliza.

Mama yangu naye aliwekewa karatasi, Tanga.
Karani alimshika mkono kama anayemvusha barabara,
dole gumba likazama kwenye wino wa zambarau.
Shamba likaenda siku hiyohiyo.
Wino ulikaa siku nne.

Basi Nasriya, mwanangu, kanifungulia simu:
"Mpe akili mnemba asome, Mama, hachoki huyo."
Nikapiga picha ukurasa mmoja mmoja, nikaandika:
Nisomee kama unavyomsomea mtu
asiyetaka kulia baadaye.

Chai haijapoa, karani mpya kamaliza.
Kifungu cha tisa, akasema, sehemu ya pili:
paa ni lako, kuta ni zako,
msingi, mifereji, na bomba usiloliona.
Hata kama vilikuwa vibovu ulipoingia,
utavirudisha vizima utakapotoka.

Nikasoma mara tatu.
Maisha yangu yote nimelala chini ya paa la mtu.
Leo nakabidhiwa langu,
la vigae, la miaka mia na ushei,
bila hata hongera.

Usihofu, akaongeza, kifungu cha thelathini na moja
kinakuruhusu kujitoa mwaka wa tatu.
Nikalowesha kidole, nikafunua.
Vifungu vinakoma ishirini na sita.
Nikamwambia. Akaomba radhi papo hapo,
bila jasho, bila kuangalia pembeni.
Ndipo nilipovaa miwani.

Tukaenda hivyo hadi saa nane,
yeye akifasiri, mimi nikibisha,
kidole changu kikitembea chini ya mstari
kama mguu wa cherehani.
Mwisho nikamuuliza: Na ndoo je?
Katika mkataba huu, akajibu, hakuna ndoo.

Kweli. Nimetafuta. Paa limo, ndoo haimo.
Yeye anajua yote yaliyoandikwa.
Ya chini ya ngazi nayajua mimi.

Alhamisi nikampelekea wakili wa kujitolea,
Bi Oyelaran, dakika ishirini, viatu vimelowa mvua.
Akasoma cha tisa, akavuta pumzi kwa meno.
"Hali ya jengo iandikwe kabla hujaingia," akasema,
"kwa picha. Asipokubali, mwachie duka lake."

Bwana Ackroyd alinyamaza siku tisa.
Nilishona mapazia ya watu, nikasikiliza simu isiyolia,
nikajiambia madirisha mapana yako mengi mjini.
Siyo kweli. Si kwa kodi ile.
Siku ya kumi akapiga:
"Lakini bibi, ni ndoo tu."
Nikamjibu: kama ni ndoo tu,
picha haitaiuma.

Sasa kuna ukurasa wa thelathini.
Picha namba saba: chini ya ngazi, mchana,
ndoo ya kijani, maji yamefika nusu.
Nimetia sahihi kando yake,
jina zima, pamoja na la baba,
kwa kalamu yangu mwenyewe.
Dole gumba nimelikunja ndani ya ngumi.