Kifua

Tepu yangu inaanzia tatu.
Moja na mbili zilikatika mwaka juzi,
kwa hiyo kila ninayempima
namtolea mbili kichwani, kimyakimya.

Ilinka kaja saa nane mchana, shali shingoni,
akiogopa baridi ya ndani, si joto la Maskati.
Nikamwambia, tulia. Themanini na nane.
Nikamwambia, sasa vuta pumzi kama unavyovuta kule mbele.
Tepu ikanitoka vidoleni.
Tisini na tisa.
Nikapima tena, hesabu yangu siku hizi inataka shahidi.
Tisini na tisa.
Sentimeta kumi na moja za hewa,
ndizo watu wanazozilipia riali arubaini
na kugombania maegesho Shati Qurum.

Gauni lilitangulia kwa sanduku
kutoka jumba la opera la mji sijui upi,
hariri, rangi ya zabibu kavu,
na ndani ya ukosi vitambaa vya majina
kimoja juu ya kingine, kama magamba.
Nikavifumua pembe.
Majina saba. Sita yamepigwa mstari wa wino.
La saba ni zamu yangu kulipiga.

Huko kwenye viti wanamjua mtunzi,
picha yake imo kijitabuni, ndevu na medali.
Mimi nawajua hawa, kwa mishono.
Wa kwanza mfupi: pindo bado lina kovu.
Wa tatu alitoka jasho kwapa la kulia tu.
Wa tano, kiuno kilitanuliwa mara tatu,
kisha kikarudishwa ghafla,
uzi mweusi, mkono wa haraka.
Sikuuliza, na gauni halisemi.
Gauni lina kifua.

Mama hupiga simu kila usiku wa onyesho,
kutoka Mabela, televisheni ikinguruma nyuma yake.
"Leo kafa nani?"
"Mwanamke, mama."
"Tena! Kwa nini?"
"Kifua."
"Na huku anaimba?"
"Nusu saa nzima."
"Basi huyo haumwi," anasema mama,
aliyemuuguza dada yake kwa kifua, Wete, mwaka wa mvua nyingi,
na anajua kwamba dada hakuimba,
alihesabu boriti za dari
na kila usiku alifika chache zaidi.

Mbavu za kushoto, chini ya bitana,
sindano iligonga pagumu.
Utepe mweupe, upana wa kidole,
maneno mawili kwa uzi mwekundu.
Nikampelekea. Nusu ya uso wake ilikwisha pakwa rangi;
akasoma, akakaa.
Kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuazima,
tukafika:
*Vuta hapa.*
Nikaugeuza utepe. Nyuma nadhifu kuliko mbele.
Mwimbaji hashoni hivi.
Huyu alikuwa mtu wa pasi na pini mdomoni,
alisimama gizani pembeni, akasikia mtu wake akiishiwa,
akarudi na sindano.
"Rudisha," Ilinka akasema.
Nikarudisha palepale, kwenye matundu yaleyale.

Onyesho nalisikia kwa spika iliyo juu ya rafu.
Imepasuka; sauti nzito zinakoroma kama friji.
Noti mimi sizijui.
Lakini usiku huo, karibu na mwisho,
pakatokea kimya chembamba,
upana wa utepe, hauzidi,
na pasi yangu ikabaki hewani ikitoa mvuke
mpaka sauti ikapanda, nikakumbuka kuiweka chini.

Saa tano, kwenye gari, taa nimezima,
nikajizungushia tepu juu ya abaya.
Tulia. Themanini na sita.
Vuta. Themanini na tisa.
Tatu. Hapo hakuna cha kutoa,
tofauti haijali tepu imeanzia wapi.
Simu ikalia.
"Leo kafa nani?"
Sikumjibu mara moja.
Nilikuwa bado nimeibana.