Fremu ya Mia Nane

Shangazi Mbodze alinunua fremu.
Picha ilikuwamo tu, kama funza ndani ya pera.
Nyumba ya Mtaliano kule Casuarina ilikuwa inafungwa,
vitu vimetandazwa uani: mashine ya kahawa, viti vya chuma,
magodoro yenye ramani za jasho.
Akatoa mia nane, akaifunga kwa leso,
akaileta Muyeye kwa bodaboda,
ameikumbatia kama mtu aliyeng'oa mlango akatoroka nao.

Alitaka kutia kioo.
Fundi Kahaso alisema atakuja Jumatatu.
Jumatatu hiyo mvua ilianza.

Basi ikakaa ukutani, juu ya debe la unga,
wiki ya kwanza, wiki ya tatu,
nasi tukala mbele yake.

Kwanza ni giza. Giza la mafuta
yaliyokaangiwa yakakaangiwa tena,
sufuria ya bajia ya mwezi mzima.
Jicho likizoea, inatokea miti
(si minazi, si mikoko, sijui ni miti gani)
imeinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.
Mawingu yana uvimbe.
Na katikati, nuru moja, sahani ya kikombe,
imeangukia shamba lisilolimwa na mtu.

"Huyu mchoraji," akasema shangazi, "alikuwa bahili wa jua."

Chini, pembeni, penye ufa, mtu:
mgongo tu, na kofia, na fimbo.
Anaelekea mtoni.
Mto una rangi ya bahari yetu mwezi wa Mei,
Sabaki inapotapika udongo wa bara
na mawimbi yanafika Buntwani yamekuwa chai.

Changawa, mumewe, alivuka kwenda kutazama mahindi
mwaka ule wa Elnino.
Hilo hatulizungumzi.

Nilikuwa nimesoma shuleni
kwamba rangi za kale zilisagwa kwa udongo.
Nikamwambia. Akaacha kupepeta.
"Udongo wa wapi?"
Sikujua.
Akaendelea kupepeta, ila ungo ulikuwa mtupu.

Jumamosi Kahaso akaja, kioo mgongoni,
kioo chenyewe kimejaa mawingu mpaka pembeni.
Shangazi akampa chai.
Akamwuliza habari za mkewe, habari za mbuzi,
akamlipa nusu kwa usumbufu.
Kioo kikaegemezwa nje, ukuta wa choo,
kuku wakajikuta humo, wakajigomba.

Hakueleza, nami sikuuliza.
Lakini stima ikipotea, na hupotea,
yeye hachukui koroboi kwenda jikoni.
Huisogeza kwanza ukutani, chini, pembeni, penye ufa,
akaishika hapo mpaka mkono utetemeke,
ili yule mtu aone pa kukanyaga.

Moshi umeshaongeza wingu moja.
Ukiliangalia vizuri, ndilo zuri kuliko yote.