Yule wa Pili

Mashine huamini jambo moja:
kwamba sauti, ikishaingia mwilini,
hukimbia mita elfu moja mia tano na arobaini kwa sekunde,
kwa mnene na mwembamba, kasi ileile.
Nani kasema? Wastani.
Bwana Wastani, ambaye sijawahi kumwona
akivua shati hapa akalala kitandani.

Kwenye mafuta sauti hutembea kama mtu mwenye buti thelujini.
Kwenye misuli huharakisha.
Mpakani hupinda,
kama kijiti ndani ya bilauri ya maji
kinavyovunjika na wala hakijavunjika.

Macho hayana pazia, husema watu.
Sawa. Lakini mashine hii haioni, husikia,
na sikio lina mikunjo.

Miaka sita, Trondheim, chumba cha chini kisicho na dirisha,
nimesahihisha picha za uzi wa nailoni
uliozamishwa kwenye jeli.
Vipokezi mia moja tisini na mbili, safu moja;
mwangwi huvifikia kwa kupishana,
nami naviambia: wewe ngoja, wewe usingoje,
huyu kachelewa, ana sababu, kapitia njia ya mafuta.
Hadi vyote viseme kwa pamoja
na doa lililotapakaa lijikusanye kuwa nukta.
Uzi haujawahi kuniuliza kitu.

Jumanne moja ya Februari akaja Sunniva Lereggen, dereva wa tramu.
Kliniki ya kwanza ilimwonyesha wawili,
wiki ya saba, bega kwa bega,
mioyo miwili ikipiga sawia
bila hata mmoja kuteleza.
(Hapo mtu angeshtuka. Hakushtuka mtu.)
Mama yake alikwisha kufuma glavu za sufu,
jozi mbili, ndogo kama maganda ya karanga.

Nikabonyeza.
Wakasogeleana.
Wakaingiana.
Nikahamisha kichwa cha mashine kidole kimoja kushoto,
nje ya mstari wa katikati ya tumbo, ambapo misuli miwili
hukutana na kuwa lenzi. Mmoja.
Kulia. Mmoja.

Nikatafuta neno.
Pole? Ya nini, na hakuna aliyekufa.
Hongera? Alishapewa, na alipewa mara mbili.

Na yule wa pili, akauliza, ameenda wapi?

Hakwenda. Ni huyuhuyu,
alipita njia mbili kuja kwako.

Akajifuta jeli taratibu, kwa karatasi nyingi kuliko zilizohitajika.
Nje trekta la theluji lilikuwa likirudi nyuma, likilia pipi, pipi.
Nichapie ile ya kwanza, akasema.
Ile ina kosa.
Najua.

Nikazima hesabu zangu zote, moja baada ya moja,
nikaviacha vipokezi
kila kimoja kiseme kwa wakati wake.