Nishushe Nsajigwa

Mbeya, wanasema, ni chumvi:
Wasafwa waliita ibheya,
wachuuzi wakaja na magunia yao.
Iringa ni ngome, lilinga la Wahehe,
jiwe juu ya jiwe.
Hayo yamo vitabuni.

Njia panda yetu, chini ya Loleza, haimo.
Pale palikaa mtu na beseni la maji na pampu ya mguu,
akiziba pancha za baiskeli za wauza maziwa.
Ngome hakujenga. Hata kivuli chake
kilikuwa turubai la kuazima.
"Tukutane kwa Nsajigwa," watu walisema,
kisha midomo ikachoka, ikaangusha "kwa",
na Nsajigwa akawa mahali.

Alikwenda Chunya kufuata dhahabu.
Beseni lililiwa na kutu.

Mwaka huu halmashauri imeleta kibao cha bluu.
Mchoraji, Chengula, mtu wa Makete, akauliza
kama hilo ni jina la mto au la mti.
Chifu wa zamani, alijibu mwenye duka la mbolea.
Muuza viazi akabisha: ni aina ya jiwe, gumu,
babu zetu walinolea majembe.

Tupokigwe alikuwepo, ndoo ya parachichi kichwani.
Baba yake hakumtaja.
Aliifuata brashi kwa macho hadi kwenye j,
akasema, "Nukta hujaweka."

Jioni, mvua ikipiga turubai la bajaji,
alimwambia dereva, kama kila siku,
"Nishushe Nsajigwa,"
akatoa mia tano,
nauli ya kwenda kwa baba.